Kioo Juu ya Wimbo wa Mkaa

Vijana wangu mnaoshika drili leo, karibuni mkae kidogo kabla hamjapanda ngazi. Mimi nimeshateremka. Magoti yamekataa, na pale karakana ya Ngarenaro wameniwekea kiti karibu na mlango. Kazi yangu sasa ni kunywa chai na kuwaambia wenzangu kwamba wanakaza skrubu kupita kiasi. Hawanisikii kwa sababu ya kelele za mashine, kwa hiyo nimeamua kuandika. Naandika polepole, mtanivumilia.

Kazi yangu ilikuwa kufunga akriliki kwenye kuta za nyumba za watu. Akriliki ni ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo. Wateja wengi huiita kioo tu, na mimi nimezoea kuwafuata. Nimeifunga nyuma ya majiko ili mafuta yasirukie ukuta. Nimeifunga kwenye mabafu, kwenye ngazi, na kwenye sebule ambazo watoto wamezigeuza daftari. Arusha hii nikipita mtaani naona madirisha na nakumbuka kuta zilizo nyuma yake.

Kila siku mnaniuliza kwa nini tundu la akriliki nataka liwe pana kuliko skrubu inayopita humo. Mnadhani ni macho ya uzee. Sikilizeni. Asubuhi ya mwezi wa saba, Mlima Meru umejifunika wingu na vidole havikunjiki, akriliki nayo imejivuta ndani. Mwezi wa kwanza jua linawaka, jiko linawaka, akriliki imetanuka. Zege liko palepale, halina habari. Tundu likiibana skrubu, akriliki haina pa kwenda, na mwisho wake inapasuka.

Kuna mama mmoja wa Themi tulimfungia nyuma ya jiko lake la gesi. Tukaziacha skrubu zimegusa tu ule mpira mdogo unaokaa chini ya kichwa chake, kama inavyotakiwa. Shemeji yake akaja kula Jumapili, akaona skrubu zinazunguka kwa kidole, akaona aibu kwa niaba yetu. Akazikaza zote mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Jumatatu mama anachemsha maharage, ukuta ukalia pa. Akajua mtungi wa gesi umelipuka. Alikimbia hadi kwa jirani na sufuria mkononi, na mpaka leo anasifiwa kwamba hakumwaga hata harage moja.

Tuliporudi, shemeji alikuwa anatusubiri mlangoni. "Mafundi, kioo chenu ni kibovu," akasema.

Fundi Anaeli akapitisha kidole kwenye ufa. "Kioo ni kizima, shemeji. Mkono wako ndio umekizidi uzima."

Huyo Anaeli ndiye aliyenifundisha, na baadaye tukafanya kazi pamoja kama washirika. Alikuwa Mmeru mrefu, mwenye maneno mengi, na mimi nilikuwa na haya hata ya kuomba maji kwa mteja. Yeye aliongea, mimi nilitoboa. Kabla ya kazi alikuwa akigonga ukuta mzima kwa kifundo cha kidole, sikio limeegemea. Ukuta ukijibu kwa sauti kavu, toboa. Ukijibu kama debe lenye pumba, ujue lipu, ile plasta ya juu, imeachana na zege, na fisha yako, kile kibomba cha plastiki kinachoshika skrubu, itatoka pamoja na lipu na kioo na heshima yako yote. Siku hizi mna vyombo vya kupima kwa mwanga mwekundu. Vizuri. Lakini gongeni pia.

Sasa niwaambie kazi ya Kikwe, maana humo yamo mambo mengi ambayo sikuyaona kwingine.

Alikuja karakana dada mmoja aitwaye Ndeshi. Alikuwa anaolewa, na sendofu, sherehe ya kumuaga, ingefanyika Jumamosi nyumbani kwao kijijini Kikwe. Nyumba ile ilikuwa ya tofali za zege, imekaa bila rangi tangu ijengwe, na kaka yake, Elia, alikuwa ameshanunua rangi ya krimu ya kupaka sebule nzima kabla ya wageni. Shida ilikuwa ukuta mmoja. Baba yao aliongoza kwaya ya Kilutheri kwa miaka mingi, watu wote walimwita Mwalimu, na kwenye ukuta ule alikuwa ameandika wimbo kwa mkaa.

"Aliandika ukutani?" Anaeli akauliza.

"Karatasi zilikuwa zimeisha," Ndeshi akasema. "Mama alikuwa anapika, baba akachukua mkaa baridi jikoni. Alisema akienda dukani kununua karatasi atausahau njiani. Mimi nilikuwa mdogo. Tangu siku hiyo haujatoka hapo."

Alitaka kioo juu yake. Rangi ipakwe pembeni, wimbo ubaki, wageni wauone, na watoto wasiuegemee. Vipimo alikuja navyo, tukakata, na Ijumaa asubuhi tukaenda, kioo kimefungwa katikati ya mablanketi nyuma ya pikapu ya kukodi.

Tulimkuta Mwalimu sebuleni amesimama mbele ya ukuta, kipande cha mkaa kwenye vidole. Alikuwa amevaa koti na kandambili. Ukuta wote ulijaa herufi za do-re-mi, mistari minne minne, kila mstari na sauti yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya chini kabisa sauti ya nne, ile besi. Mistari ya juu ilikuwa imeshikamana na zege, imekuwa ya kijivu kwa moshi na miaka. Mstari wa mwisho wa besi ulikuwa mweusi kabisa. Aliuandika asubuhi ile ile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ninyi ndio mmekuja kunifungia?"

Ndeshi akatazama chini. Hapo ndipo tulipojua kwamba mzee hakuwa ameulizwa.

"Baba, ni kuulinda tu," akasema. "Elia anapaka rangi leo. Bila kioo utapotea."

"Na kwa kioo utakufa. Wimbo haujaisha."

"Baba, nilikuwa darasa la pili ulipoanza."

"Na sasa unaolewa. Kuna ubaya gani? Sauti tatu ziko sawa. Besi ya mwisho inazama. Inafika mahali inakaa chini kama ng'ombe aliyechoka, haiendi mbele. Nikishaiinua, fungeni hata kwa nondo."

Elia akaingia na ndoo ya rangi. Alikuwa kijana mkubwa mwenye haraka, simu sikioni na nyingine mfukoni. "Mzee, turubai linakuja saa nane. Ukuta ama ufungwe ama upakwe. Wakwe hawawezi kukaa wanatazama masizi."

"Masizi," Mwalimu akarudia polepole, akatugeukia kama anayeomba mashahidi. "Huyu nilimfundisha kuimba."

Mnaona ilivyokuwa. Mzee akikataa kioo, brashi ya Elia ingepita. Akikubali, wimbo ungebaki vile ulivyo, na kasoro yake ingeonekana wazi kwa kila atakayeingia. Alikaa kwenye kiti, akatazama ukuta, kisha akasema, "Mtachukua muda gani kutoboa?"

"Muda wowote utakaouhitaji, Mwalimu," Anaeli akajibu, na akanikonyeza.

Basi nikaanza kutoboa, kazi ya polepole kuliko zote nilizowahi kufanya. Mkaa ukutani ni vumbi lililotulia tu, ukitikisa ukuta linashuka. Kwa hiyo matundu tuliyaweka mbali na maandishi. Nilianza bila ule mtikiso wa drili tunaouita nyundo, mpaka biti, ile ncha inayotoboa, iingie kidogo, ndipo nikawasha nyundo. Chini ya kila tundu nilibandika karatasi iliyokunjwa kama mfuko mdogo, vumbi lianguke humo. Nawashauri mfanye hivyo kila nyumba, hata kusipokuwa na wimbo. Mama mwenye nyumba atawapenda.

Kila nilipowasha drili, Mwalimu aliinua mkono. "Subiri. Nimeanza kuipata." Nikazima. Akavuma kooni, akatikisa kichwa. "Hapana. Endelea." Nikawasha. "Subiri."

Mara moja aliniacha nikatoboa tundu zima, amefumba macho. Nilipozima akasema, "Drili yako inaimba fa. Fa safi kabisa. Kuna wanakwaya nimekaa nao miaka hawajawahi kuifikia."

Nikasema asante.

"Mwalimu, unaweza kumweka kwenye kwaya," Anaeli akasema. "Ila yeye mwenyewe haimbi wala haongei. Itabidi uchukue drili tu."

Matundu yakaisha. Siwezi kutoboa matundu yasiyohitajika. Mwalimu akafuta mstari wa mwisho kwa kiganja, akauandika upya, akausoma kimoyomoyo, akarudi nyuma. Mabega yake yalishuka. "Basi," akasema. "Fungeni. Ni hivyo hivyo."

Alisema kama mtu aliyekubali kuuza ng'ombe anayempenda. Ndeshi alimsogelea amshike mkono, lakini mzee akatoka uani kutazama kuku.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penye kazi. Akriliki inakuja na ngozi ya plastiki pande zote mbili ili isikwaruzwe. Wateja wetu, mnawajua. Sofa inakaa na nailoni yake mpaka inaliwa na panya. Friji inakaa na stika. Kwa hiyo Elia alikuwa ameshatuonya: ngozi ya nje isitolewe, yeye mwenyewe ataivua kesho mbele ya wageni, watu wapige picha. Hiyo si neno kwa siku moja. Ikikaa mwaka mzima juani ndipo inagandia, na mtu anakimbilia thina ya rangi, na thina inaifanya akriliki iwe na utando kama jicho la mzee. Ikigandia tumieni mafuta ya kula na kitambaa, na uvumilivu.

Ngozi ya ndani, inayotazama ukuta, ni lazima itoke kabla ya kufunga. Inatolewa mbali na ukuta, taratibu, huku unapitisha kitambaa chenye unyevu. Anaeli alikuwa amekwenda kwenye pikapu kuchukua mipira ya skrubu. Mimi nilishika kioo upande mmoja, Elia upande mwingine, tumekisimamisha karibu kabisa na ukuta. Simu yake ikalia. Akataka kumaliza haraka. Akakamata pembe ya ile ngozi na kuivuta yote kwa mkupuo, kama mtu anayefungua zawadi.

Ilitoa sauti ya kukwaruza, na nywele za mkono wangu zikasimama. Kisha nikaona jambo ambalo nilikuwa sijaliona. Mkaa uliruka. Herufi nyeusi za mstari wa mwisho ziliondoka ukutani kama moshi mwembamba na kunata kwenye kioo. Mistari ya zamani haikutikisika, ilikuwa imeshaota ndani ya zege. Ule wa asubuhi ulikwenda wote.

Elia akabaki na ngozi mkononi na simu ikiendelea kulia.

"Umefanya nini?" Ndeshi akauliza.

"Sijagusa ukuta. Fundi, si umeona? Sijagusa."

Ni kweli hakugusa. Anaeli aliporudi alieleza: ukiivua ngozi kwa nguvu, akriliki inapata umeme kidogo, ule ule unaovuta nywele kwenye chanuo, nao unavuta vumbi lolote lililo karibu. Alieleza vizuri sana, ila hakuna aliyekuwa anamsikiliza, maana Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

Alikuja taratibu na kandambili zake. Akatazama ukuta mahali palipokuwa na besi. Akatazama kioo, mahali pa wingu jeusi lisilosomeka. Ndeshi alikuwa anaanza kulia.

"Hata plastiki imeikataa," Mwalimu akasema. Kisha akacheka, kicheko cha tumboni, mpaka akashika kiti. "Nilijua. Nilijua ile besi si yenyewe. Wekeni kioo chini. Elia, toa hiyo ndoo miguuni pangu."

"Mzee, saa nane—"

"Saa nane itafika yenyewe, huna haja ya kuibeba."

Tukakilaza kioo juu ya blanketi uani. Mimi na Ndeshi tukakiosha kwa maji na sabuni ya unga kidogo, kwa fulana laini ya pamba. Msitumie gazeti, linakwaruza. Msitumie dawa za vioo vya madirisha. Ndeshi alikuwa na huzuni, akiosha huku akivuma, kama wanavyofanya watu mikono ikiwa majini. Alivuma sauti ya chini, chini sana kwa mwanamke, na ilipofika mwisho haikushuka. Ilipanda hatua moja, ikatulia.

Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Ndeshi. Hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi, baba?"

"Hiyo unayovuma."

Akafikiri. "Kwako. Ulikuwa unaivuma ukikamua. Mimi nilikuwa nashika ndama."

"Mimi sijawahi kuandika hiyo."

"Hukuiandika. Uliiimbia ng'ombe."

Mzee akabaki dirishani, mdomo wazi kidogo. "Rudia," akasema. Ndeshi akarudia, povu likimtiririka mpaka kwenye viwiko. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa kidole kwenye kizingiti cha dirisha. "Tena. Polepole, usiikimbize." Mara ya tatu alirudisha kichwa ndani katikati ya mstari, na tukasikia mkaa ukisugua zege.

Mama Ndeshi akatuletea loshoro, ule ugali laini wa mahindi na ndizi uliochanganywa na maziwa ya mgando, na tukala tukisubiri. Elia alikula amesimama. Baadaye niliona ameweka simu zote mbili juu ya ndoo ya rangi, ameegemea mlango, anaimba sauti ya tatu kumsaidia baba yake kusikia kama inapatana. Ana sauti nzuri yule kijana. Anaeli naye akajaribu ya kwanza, akaombwa aendelee kula.

Ilipokuwa tayari, Anaeli alisema hatutumii skrubu tena. Alikuwa na kopo lake la vyuma, hakwenda popote bila hilo. Tukapanua matundu ya ukutani kidogo, mzee akiwa amefunika besi yake kwa khanga ya mkewe. Tukapachika boliti, na juu yake nati zenye masikio, zile zinazokazwa na kulegezwa kwa vidole tu. Kati ya kioo na ukuta tukaweka vipande vya bomba ili hewa ipite na mkaa usiguswe. Kioo tulikikausha kwa hewa bila kukisugua, ndipo tukakipandisha.

"Mwalimu," Anaeli akasema, "ukitaka kubadili neno, unalegeza hizi nati mwenyewe. Huhitaji fundi. Ila futa kioo kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujarudisha."

Mzee akalegeza nati moja, akaikaza. Akalegeza tena. Akatupatia mkono kama watu wazima wanavyopeana, na mimi, ambaye huwa sitamki kitu, nikajikuta nimesema, "Mwalimu, ile besi ni nzuri."

"Si yangu," akasema. "Ni ya ng'ombe."

Jumamosi tulialikwa. Elia aliivua ngozi ya nje mbele ya wakwe, taratibu mara hii, akipitisha kitambaa kama fundi, na watu wakapiga picha. Rangi ya krimu ilikuwa haijakauka vizuri, shangazi mmoja aliondoka nayo begani. Kwaya ikasimama ikitazama ukuta, Mwalimu mbele yao, wageni mgongoni kwake. Kwenye kioo niliziona nyuso za watu wote zimeelea juu ya nota, nani wa kwao na nani wa ukweni huwezi kutofautisha. Besi ilipofika mwisho ikapanda ile hatua moja, mzee hakushusha mkono. Aliuacha juu mpaka sauti ikaisha yenyewe.

Wakati wa kuaga, Ndeshi alimpigia baba yake magoti. Watu walitegemea maneno marefu, maana alikuwa msemaji. Mwalimu alimwinua, akamtengeneza kilemba.

"Hiyo nyumba mnayokwenda," akasema, "kuta zake zimeshapakwa rangi?"

"Bado, baba."

"Msiwe na haraka."